Fungua Ua, Utazame Ndani

Kuta nyingi za Nairobi zimevishwa bogenvilia. Lavington, Buruburu, Lang'ata, kote ni zambarau, nyekundu na rangi ya machungwa, na watu husimama kupiga picha. Lakini ile rangi inayotuvutia si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, yamekaa matatu matatu, na maua yenyewe ni vile vijirija vyembamba vyeupe vilivyosimama katikati yake, vidogo kiasi kwamba mtu anaweza kuishi na mmea huo mlangoni miaka na mikaka asivione. Poinsetia ya Krismasi ni vivyo hivyo. Wekundu wote ule ni majani. Maua ni vidutu vya manjano vilivyobanana katikati.

Nilifundisha biolojia shule ya upili kwa muda mrefu, na jambo hili limenikaa moyoni. Tumezoea kulitazama ua kwa nje, kisha tunashangaa kwa nini mti haukuzaa. Sehemu za uzazi za mmea tulizikariri kwa ajili ya mtihani, kwa Kiingereza, tukazisahau siku matokeo yalipotoka. Ilhali ndizo zinazoamua kama utakula au hutakula. Mtu aliyepanda hata mche mmoja kwenye gunia ana haki ya kuzijua, tena kwa lugha anayonunulia mbegu.

Haibiskasi ndiyo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu iko kila mtaa na haifichi kitu. Chuma ua lililofunguka leo asubuhi. Karibu na kikonyo utaona vijani vitano vya kijani vilivyoungana chini. Hizo ni sepali, na ndizo zilizolifunika ua lilipokuwa bado tumba. Zinafuata petali tano kubwa zenye rangi, ambazo kazi yake ni kuita wageni. Mpaka hapo hatujagusa uzazi. Uzazi uko kwenye ile nguzo ndefu inayochomoza katikati, na nguzo hiyo ukiitazama kwa makini ni vitu viwili, kimoja ndani ya kingine. Kwa nje ni mrija uliotokana na stameni nyingi zilizoshikana. Huko juu stameni zinaachana, zinatokeza nyuzi fupi fupi, na kila uzi umebeba kifuko cha manjano. Uzi huitwa filamenti, kifuko huitwa antha, viwili hivyo pamoja ndiyo stameni, na ule unga unaobaki kidoleni ukiigusa ni chavua. Huo ndio upande wa kiume.

Ndani ya mrija huo umepita uzi mwingine, peke yake. Unatokea kileleni na kugawanyika matawi matano, na kila tawi linaishia kwenye kinundu chekundu chenye vinyweleo. Vinundu hivyo ni stigma, mahali chavua inapotua na kunata. Uzi wenyewe ni staili. Sasa chukua wembe, upasue ua kwa urefu, ufuate staili kwenda chini hadi mwisho. Utafika kwenye kibonge cha kijani kilichojificha ndani ya sepali, chenye vyumba vitano, na ndani ya kila chumba kuna chembe nyeupe zilizopangwa kwa mstari. Kibonge ni ovari, chembe ni ovuli. Stigma, staili na ovari kwa pamoja huitwa pistili, na huo ndio upande wa kike.

Chavua ikishatua kwenye stigma, haiingii ndani ikiwa nzima. Inaota mrija mwembamba sana unaopenya ndani ya staili, unashuka hadi kwenye ovuli na kupeleka mbegu ya kiume kwenye yai. Hapo kila kitu kinabadilika. Petali zinanyauka na kudondoka kwa sababu kazi yake imekwisha, ovuli inakuwa mbegu, na ovari inakuwa tunda. Ukitaka ushahidi, nenda jikoni. Bamia ni jamaa wa karibu wa haibiskasi. Ikate kwa mviringo utazame, na vyumba vile vile utavikuta, safari hii mbegu zimeshajaa ndani. Nyanya, hoho, biringanya, tango, mishiri: kibanda cha mama mboga kimejaa ovari. Sukuma wiki na dania ndizo majani.

Kuna matunda yanayokiuka utaratibu huu, na nayapenda kwa ukaidi wake. Bibo la korosho, lile jekundu au la manjano lenye maji mengi, ni kikonyo kilichovimba; tunda halisi ni ile korosho inayoning'inia chini yake. Stroberi nayo ni kitako cha ua kilichonenepa, na vile vichembe vya juu ya ngozi yake, ambavyo watu huviita mbegu, kila kimoja ni tunda kamili lenye mbegu yake ndani.

Waridi nalo linahitaji neno, maana nchi hii inauza mawaridi duniani kote na wauza maua wa City Market wanayafunga mashada kila siku. Waridi la porini lina petali tano na stameni tele. Waridi la dukani lina petali zisizohesabika, na petali hizo zimetoka wapi? Nyingi ni stameni zilizogeuka. Wafugaji wa maua walichagua kizazi baada ya kizazi ile mimea ambayo viungo vyake vya kiume vilikuwa vimepotoka na kuwa petali, kwa sababu ndiyo iliyopendeza machoni. Fungua waridi moja lililokaa siku kadhaa kwenye maji, bandua petali taratibu kutoka nje kwenda ndani, na mara nyingi utakuta moja ambayo haijaamua: nusu petali, na ukingoni mwake kipande cha antha cha manjano. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi petali hiyo kuliko picha yoyote ya kitabuni, na darasa lilikuwa likinyamaza lenyewe.

Wanadamu walichukua muda kuyakubali haya yote. Wakulima wa mitende wa Mesopotamia walijua maelfu ya miaka iliyopita kwamba kuna mtende dume na mtende jike, na kwamba bila kuchukua maua ya dume na kuyatia kwenye maua ya jike, tende hazipatikani. Lakini kwamba mimea kwa ujumla ina jinsia, hilo lilisubiri mtu wa kulithibitisha. Mwaka 1694, Rudolf Jakob Camerarius, daktari na mtaalamu wa mimea wa Tübingen, Ujerumani, alichapisha barua akieleza majaribio yake. Mimea aliyoitumia ingempendeza Mkenya yeyote: mforosadi, mahindi na mbarika.

Mbarika tunao tele. Umeota kando ya Mto Nairobi, kwenye viwanja vilivyo wazi, nyuma ya magereji, popote udongo umefukuliwa na kuachwa. Tazama kishada chake. Chini ni maua ya kiume, rundo la stameni za manjano zilizogawanyika gawanyika. Juu ni ya kike, vibonge vyenye miiba laini, na kila kimoja kimetoa stigma nyekundu. Camerarius alinyofoa yale ya kiume kabla antha hazijafunguka, akaacha ya kike peke yake. Maganda yalivimba, lakini ndani hapakuwa na mbegu nzima hata moja. Alipokata ndevu za mahindi, gunzi halikutoa punje. Jaribio hilo mtoto wa darasa la sita anaweza kulifanya kwenye kiwanja cha jirani, na ningependa sana lifanywe, mradi mtu mzima awepo, kwa sababu mbegu za mbarika zina sumu kali.

Carl Linnaeus wa Sweden alikuja mwaka 1735 na kupanga mimea yote yenye maua kwa kuhesabu stameni zake kwanza, kisha pistili. Mfumo huo ulikuwa rahisi, nao ulienea. Uliwaudhi wengine pia. Johann Siegesbeck, mtaalamu wa mimea aliyekuwa St. Petersburg, aliuona ni uchafu. Hakuweza kukubali kwamba Mungu angeruhusu ua moja liwe na waume wengi na mke mmoja. Haya hiyo haijaisha. Nimewaona wazazi wakigeuza mazungumzo mtoto anapouliza mpapai unapataje mtoto, na hapo mtoto anajifunza kwamba kuna kitu kibaya ndani ya ua. Ningeomba tuache. Ua ndiyo njia safi kuliko zote ya kumweleza mtoto uzazi ni nini.

Nirudi mjini, kwa sababu kuna jambo nililitazama kwa karibu.

Katika jengo ninaloishi kuna shosho aliyepewa ruhusa ya kutumia paa. Amelijaza magunia, ndoo na mitungi iliyokatwa: sukuma, managu, kunde, na malenge yaliyotambaa hadi kwenye nguzo za tangi la maji. Majani ya malenge anayachuma kwa mboga, lakini alikuwa anataka na matunda. Siku moja aliniita.

"Mwalimu, hebu njoo uone. Hii malenge yangu inatoa maua mengi, lakini katunda kakitokea kanageuka njano, kanaanguka. Nimeweka mbolea, nimemwagilia, lakini wapi."

Nikamwomba anionyeshe maua. Tulikuwa tumepanda juu mapema, na ilikuwa lazima iwe mapema, kwa sababu ua la malenge hufunguka alfajiri na kufikia saa nne au tano asubuhi limeshaanza kujifunga, halifunguki tena. Maua mengi yalikuwa yamesimama juu ya vikonyo virefu vyembamba, na ndani ya kila moja palikuwa na kidole kimoja cha manjano kilichojaa chavua. Hayo ni ya kiume, na kwa kawaida ndiyo hutangulia kutokea. Mawili tu yalikuwa na kikonyo kifupi, na kati ya kikonyo na petali palikuwa na kibonge cha kijani. Kibonge hicho ni ovari, ambayo kwenye malenge imekaa chini ya petali, hivyo unaweza kuliona boga dogo kabla ua halijafunguka. Ndani, badala ya kidole, palikuwa na stigma nene zenye unyevunyevu.

"Shosho, haka si katunda bado," nilimwambia. "Hii ni ovari inangoja chavua. Isipopata, mmea unaitupa."

"Na kwa nini haipati?"

Tulikaa pale tukatazama. Chavua ya malenge ni nzito na inanata; upepo hauwezi kuibeba, ni lazima ibebwe na mdudu, hasa nyuki. Na juu ya paa lile la saruji, ghorofa nyingi kutoka ardhini, hakupita nyuki hata mmoja. Nikachuma ua moja la kiume, nikabandua petali zote hadi kikabaki kikonyo na kile kidole cha manjano, nikampa. Akakipakaza kwenye stigma ya ua la kike, akizungusha polepole ili kila upande uguswe. Nilimhimiza asiharakishe, kwa sababu ovari ya malenge ina ovuli mamia, na kila mbegu inahitaji chembe yake ya chavua. Chavua ikitua kidogo, au upande mmoja tu, boga huanguka au hukua likiwa limepinda.

Boga lile lilishika. Sasa Shosho hupanda juu kabla ya chai, na amewafundisha majirani wawili. Mmoja wao alikuwa akipuliza dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, akawa anaua wale nyuki wachache waliojaribu kufika. Kama ni lazima upulize, subiri jioni, maua yameshafunga.

Kazi hii ya kuchavusha kwa mkono ina mtu wake katika historia, na jina lake linastahili kusemwa. Vanila ilitoka Mexico. Ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilistawi na kutoa maua, lakini matunda hayakupatikana. Ndani ya ua lake, kati ya antha na stigma, kuna kijiutando kinachozuia chavua isitue. Mwaka 1841, kwenye kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond alionyesha jinsi ya kufanya: kwa kijiti chembamba unainua kijiutando, kwa kidole gumba unaisukuma antha iguse stigma, na kazi imekwisha kwa sekunde chache. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 akapewa jina la pili, Albius. Alikufa maskini, mwaka 1880. Karibu vanila yote inayolimwa leo Madagaska, Komoro na Uganda huchavushwa kwa mbinu ya mtoto yule, ua moja baada ya jingine. Mtoto huyo alilifahamu ua lile kuliko wenye mashamba wote waliomzunguka, na hakupata chochote cha maana.

Mahindi, sasa. Katika jiji hili mahindi yanapandwa kila penye nafasi: kando ya reli, nyuma ya vituo vya mafuta, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe yuko ng'ambo. Mmea wa mahindi ni mmoja lakini umetenganisha viungo vyake. Mbelewele za juu ni maua ya kiume, zinamwaga chavua ichukuliwe na upepo. Maua ya kike yako ubavuni, yamefunikwa na maganda, na kinachochomoza nje ni ndevu. Kila udevu mmoja ni staili na stigma pamoja, na kila udevu umeshikana na ovuli moja, yaani punje moja. Ukimenya hindi changa taratibu unaweza kuufuata udevu kwa kidole kutoka nje hadi kwenye punje yake. Fanya hivyo siku moja, utauona uzi unakatikia pale pale. Kwa hiyo hindi lenye mapengo linakusimulia lililotokea. Kila pengo ni udevu ambao haukupata chavua.

Kutokana na hilo utajua mambo mawili ya shambani bila kuuliza mtu. La kwanza, usipande mahindi mstari mmoja mrefu kando ya ukuta, ingawa hivyo ndivyo wengi wanavyofanya. Chavua nyingi huanguka karibu, na mstari mmoja unapoteza nyingi kila upepo unapokata upande. Panda kwa mraba, mistari kadhaa mifupi pamoja. La pili, ukame ukipiga wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa kutoka huku mbelewele zikiwa zimeshamwaga. Mvua ikija baadaye mmea unarudi kuwa kijani kabisa, unapendeza, na gunzi halina kitu.

Na ndani ya punje kuna jambo ambalo lilinifanya nipende botania. Mwaka 1898, Sergei Nawaschin, aliyefanya kazi Kiev, aligundua kwamba chavua haileti mbegu moja ya kiume ndani ya ovuli, inaleta mbili. Moja inaungana na yai, na hapo kinapatikana kiinitete, mmea mchanga. Ya pili inaungana na seli nyingine iliyo katikati ya ovuli, na muungano huo unazaa endospemu, akiba ya chakula cha kulisha kiinitete. Mimea yenye maua hutungisha mara mbili kwa mpigo, na ya pili ni ya chakula tu. Sasa fikiria ugali. Unga wa pakiti uliokobolewa ni endospemu karibu yote. Kiinitete na ganda vimeondolewa. Unga wa kusagisha una kiinitete ndani, na kwa sababu kiinitete ndicho chenye mafuta, unga huo una ladha zaidi na huharibika haraka zaidi. Sima ya jana usiku ilitokana na ile mbegu ya pili ya kiume iliyoshuka kwenye udevu.

Dafu pia ni endospemu, ila ni ya maji. Vijana wanaosukuma mikokoteni ya madafu mjini wanauza chakula ambacho mnazi ulimwekea mtoto wake. Kwa habari ya mnazi, watu wa pwani hawahitaji kufundishwa botania na mtu. Wana karara, lile ganda gumu linalofunika shada la maua kabla halijapasuka. Wana upunga, maua yenyewe. Maua ya kiume ni mengi na yamejipanga kwenye matawi. Ya kike ni machache na makubwa, yamekaa karibu na shina la kila tawi. Ovari ikishika inaitwa kidaka, ikikua ni kitale, halafu dafu, koroma, mwisho nazi. Mgema anayelikata shada kabla halijafunguka ili apate tembo anajua kwamba shada hilo halitatoa nazi: amechukua utomvu uliokuwa umekusudiwa ovari. Hayo ni maarifa ya viungo vya uzazi yaliyokamilika, na yamesemwa kwa Kiswahili tangu zamani sana.

Mugumo unaficha maua yake kuliko mti wowote. Ule mkubwa wa Westlands, kando ya Waiyaki Way, ulinusurika Novemba 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza usiondolewe kupisha ujenzi wa Nairobi Expressway. Watu husema mugumo hauna maua. Unayo, mamia kwa mamia, lakini yamo ndani ya tini yenyewe, yameelekeana katika giza. Kijinyigu jike, mdogo kuliko punje ya mchele, hujipenyeza kupitia tundu lililo kwenye ncha ya tini. Tundu ni jembamba kiasi kwamba mabawa yake hukatika akiingia. Huko ndani huchavusha maua, hutaga mayai katika baadhi ya ovari, na hufa. Watoto wake wa kiume huanguliwa kwanza, hawana mabawa, huwapanda majike, hutoboa njia ya kutokea na kufa humo humo. Majike wachanga hutoka na chavua, wakatafute tini nyingine ya aina ile ile. Kwa kawaida kila aina ya mtini ina nyigu wake. Nyigu hao wakitoweka, mti unabaki bila mbegu.

Mparachichi nao umetatua mambo kwa saa. Kila ua lake lina upande wa kiume na wa kike, ila haviamki pamoja. Ua la parachichi aina ya Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, stigma tayari, antha zimefunga. Mchana linajifunga. Kesho yake alasiri linafunguka tena, safari hii likiwa la kiume, linamwaga chavua. Aina ya Fuerte inafanya kinyume: ya kike alasiri, ya kiume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo Hass ikihitaji chavua asubuhi, Fuerte ya jirani ndiyo inayoitoa saa hizo hizo, na alasiri zinabadilishana. Baridi huivuruga ratiba hiyo, maua yakachelewa na saa zikagongana, ndiyo maana mti mmoja pekee uani bado unaweza kuzaa kiasi. Lakini anayetaka mavuno mazuri na afuge nyuki na kupanda aina zote mbili.

Shosho wa paani ana kiploti huko Ruai, na juzi alinionyesha mipapai yake kwenye simu. Mitatu, imenawiri, na yote imetoa maua mengi madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu vilivyotawanyika.

"Hii nayo ni shida ya nyuki?"

"Hapana, Shosho. Hii mitatu yote ni dume."

Nikamweleza. Mpapai jike hutoa ua kubwa lililobana kwenye shina, lina ovari nene na halina stameni. Dume hutoa vikonyo virefu na stameni, ovari yake ni kijiti kisicho na maana. Kuna na wa tatu, wenye vyote viwili katika ua moja, na ndio huzaa yale mapapai marefu yanayopendwa sokoni. Yale ya mviringo kwa kawaida ni ya jike. Mche ukiwa mdogo huwezi kutofautisha kwa macho, mpaka uchanue.

"Watu wa huko wameniambia nipigilie msumari, utageuka jike."

"Msumari utaumiza mti tu. Jinsia yake imeandikwa ndani ya mbegu."

Akauliza afanyeje. Nilimwambia anunue papai refu lililoiva vizuri na kupanda mbegu zake, kwa sababu zile za ua lenye pande zote mbili, likiwa limejichavusha lenyewe, hazitoi dume: theluthi mbili huwa na viungo vyote viwili na theluthi moja huwa jike. Aweke miche mitatu kila shimo, na ikichanua aache mmoja ulio bora kwenye kila shimo, mingine aing'oe.

"Na hii mitatu niikate yote?"

"Kata miwili. Mmoja uache pale pembeni, hao majike wakija watauhitaji."